UZI: Feri ya Likoni ni ya nani? Tuongee ukweli kuhusu kaunti na serikali kuu hapa Mombasa

Msafiri wa Feri (mwanzilishi wa uzi)

Assalam aleikum ndugu zangu, na hamjambo nyote mliomo humu.

Leo asubuhi nimefika kivukoni Likoni saa kumi na mbili kasoro robo. Watu tele, banda limejaa mpaka mlangoni, kama ilivyo kila Jumatatu. Mbele yangu alikuwa mama amejitwisha beseni la mahamri, amelifunika kwa leso, na kila umati ukisogea alikuwa akilishika kwa mikono miwili lisimponyoke. Nyuma yangu vijana wawili walikuwa wakibishana. Mmoja anasema tumwambie gavana alete feri zaidi. Mwenzake anamwambia gavana hana usemi kwenye feri, hiyo ni mali ya Nairobi. Wa kwanza akauliza, "Sasa gavana ni wa nini?" Tulikuwa watu wazima kama kumi tunaowasikia na hakuna aliyekuwa na jibu. Mimi nimevuka hapo miaka kumi na tisa, nikaona haya.

Jioni nikafungua Katiba ya 2010, lile Jedwali la Nne linalogawa kazi baina ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Sehemu ya pili, namba tano, inataja usafiri wa kaunti: barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, usafiri wa umma, halafu mwisho kabisa imeandikwa feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa na yanayohusiana nao. Nilisoma mara tatu. Feri imeandikwa kwa jina lake, kwenye fungu la kaunti.

Katiba hiyo hiyo ilitoa muda usiozidi miaka mitatu kazi zikabidhiwe kaunti hatua kwa hatua. Kaunti zilianza baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Hesabuni wenyewe. Feri ya Likoni haijawahi kutoka mikononi mwa serikali kuu: ilikuwa chini ya shirika lake la feri, kisha ikatiwa chini ya Mamlaka ya Bandari, na hiyo nayo ni ya serikali kuu. Basi yule kijana wa pili alisema kweli kuhusu hali ilivyo, na wa kwanza alikuwa na haki ya kuuliza alivyouliza.

Sasa naomba msinielewe vibaya. Sisemi feri ikabidhiwe kaunti kesho asubuhi. Waendao kwa miguu wanavuka bure, magari ndiyo yanayolipa. Inakadiriwa watu zaidi ya laki tatu huvuka kwa siku. Ile si biashara ya faida, ni huduma inayokula mafuta, vipuri na mishahara, na pesa zake lazima zitoke mahali. Ukiikabidhi kaunti feri bila fungu la pesa za kuiendesha, umeikabidhi mzigo, na atakayeumia ni yule mama wa mahamri. Ninachosema ni hiki: kazi ifuatane na pesa zake, na kazi moja iwe na mtu mmoja wa kuulizwa. Hapa kwetu vitu hivyo vimetenganishwa. Kazi iko kwenye karatasi ya mmoja, pesa ziko mfukoni mwa mwingine, na lawama inarushwa baina yao kama mpira wa makaratasi.

Chukueni bandari yenyewe. Mimi ni karani wa klaringi, kazi ya kutoa mizigo bandarini, nimekula mkate wa bandari tangu nimalize shule. Reli ya SGR ilizinduliwa 2017, na makasha yakaanza kupandishwa treni kwenda Embakasi, Nairobi, kukaguliwa na kulipiwa ushuru huko. Agosti 2019 ikaja amri kwamba mizigo yote ya kwenda bara isafirishwe kwa reli. Watu wakaingia barabarani hapa mjini, amri ikasimamishwa, lakini kazi ilishaanza kuhama. Ofisini kwetu tulikuwa tisa, tukabaki wanne. Mwenzangu niliyekaa naye meza moja miaka sita alirudi kwao Msambweni kuuza samaki. Gereji za malori, mama ntilie wa Changamwe, mafundi wa turubai, wote walilia kilio kimoja. Kisha 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa, Rais Ruto akatangaza kuwa shughuli za kutoa mizigo zinarudishwa Mombasa. Tulifurahi, na mimi nilifurahi. Lakini usiku ule nililala nikiwaza: uchumi wa mji mzima uliondoka kwa amri ya Nairobi na umerudi kwa amri ya Nairobi. Kilichorudi kwa kauli ya mtu mmoja chaweza kuondoka kwa kauli ya mwingine. Mombasa, kaunti nambari 001, haikuwa na kura katika kwenda wala katika kurudi.

Na pesa je? Kifungu cha 209 kinampa Nairobi ushuru wa forodha, kodi ya mapato, VAT na ushuru wa bidhaa. Kaunti imeachiwa kodi ya ardhi na nyumba, kodi ya burudani, na ada za huduma kama leseni, maegesho na soko. Makasha yanapita mbele ya macho yetu usiku na mchana, na ushuru wake unaingia mfuko mkuu, ndipo kaunti zigawiwe. Katiba inasema kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Watu wengi hawajui kuwa asilimia hiyo inahesabiwa juu ya hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Hesabu zikichelewa kupitishwa, kaunti zapimiwa kwa pishi ya zamani. Mwaka wa fedha 2024/25 kaunti 47 zilipangiwa bilioni 387.4, uliofuata bilioni 415. Ni pesa nyingi, na ni zaidi ya hiyo asilimia 15 ya hesabu za zamani. Lakini Kifungu cha 219 kinataka zifike bila kucheleweshwa na bila kukatwa, na kila mfanyakazi wa kaunti aliyewahi kungoja mshahara mpaka mwezi wa pili anajua zinavyofika.

Haya, na upande wetu tuseme ukweli. Nani anazuia taka zisizolewe mitaani? Si Nairobi. Taka ni kazi ya kaunti kwa asilimia mia. Uwanja wa manispaa ulibomolewa ujengwe upya, na timu zetu zikapitisha miaka bila pa kuchezea. Huo nao ni mradi wa kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka madaraka yashuke kutoka makao makuu mpaka kaunti ndogo, wadi na kijiji. Tuna kaunti ndogo sita na wadi 30. Mimi mpaka leo sijaona msimamizi wa kijiji wala baraza lake. Nguvu zilitoka Nairobi zikateremka Treasury Square, kwenye makao ya kaunti, zikakaa pale pale.

Nataka kusikia kwenu. Kazi gani iende wapi, na kwa nini? Na mtu asilete siasa za vyama humu, nawaomba sana.

Mkaazi wa Mtongwe

Waaleikum salaam kaka. Umegusa kidonda.

Tarehe 29 Aprili 1994 nilikuwa darasa la sita. Feri ya Mtongwe ilizama asubuhi na mapema, karibu kabisa na nchi kavu, imejaa watu wanaokwenda kazini. Watu 272 walikufa. Mtaani kwetu kulikuwa na nyumba zilizotoa majeneza mawili. Mwalimu wetu wa Kiswahili hakurudi, na lile somo lilikaa wiki nzima ubaoni na mwandiko wake, hakuna aliyethubutu kufuta.

Nalisema hili kwa sababu kuna watu watakuja hapa waseme feri ikae serikali kuu kwa sababu ya usalama. Wakati ule hakukuwa na kaunti wala gavana. Kila kitu kilikuwa cha serikali kuu. Na 2019 gari lilipoteleza kutoka kwenye feri pale Likoni, na ndani mama na mwanawe, ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa. Hiyo pia serikali kuu. Sijui kama kaunti ingefanya vizuri zaidi. Lakini gavana anakaa hapa hapa, na tungejua mlango wa kwenda kugonga.

Fundi Changamwe

Mimi napinga, na napinga kwa heshima.

Kaka Msafiri, umeandika vizuri lakini umejibu swali lako mwenyewe bila kutaka. Kaunti imeshindwa na taka, utaipa chombo kinachobeba roho za watu? Mimi nimekaa karibu na Kibarani wakati lile jaa lilipokuwa pale, unapita na leso puani mpaka ufike Makupa. Lilifungwa, taka zikapelekwa Mwakirunge, na watu wa Mwakirunge sasa ndio wenye leso puani. Daraja jipya la Makupa lilijengwa na nani? Serikali kuu. Barabara ya Dongo Kundu na yale madaraja yake? Serikali kuu. Kazi kubwa zinahitaji mikopo mikubwa na mhandisi anayelipwa kwa wakati. Sisi wenye kazi za mikono hatuulizi mwenye karakana ni nani, twauliza kama spana ipo.

Tena tumeona Nairobi kwenyewe. Februari 2020 gavana wao alitia sahihi akakabidhi kazi kadhaa kwa serikali kuu, ikaundwa idara ya NMS ya kuendesha kazi hizo, na barabara za mitaa ya mabanda zikatiwa lami, visima vikachimbwa. Watu wa kule waliona mabadiliko kwa macho. Sasa tubishane Katiba wakati watu wanataka maji?

Dada Muuguzi

Fundi, nakuheshimu, lakini spana haiji yenyewe. Ngoja nikueleze ya afya, kwa sababu afya ndiyo kazi kubwa kuliko zote iliyoshushwa kwa kaunti, na mimi nilikuwa ndani ilipokuwa ikishushwa.

Mwaka 2013 tulilala wafanyakazi wa Wizara tukaamka wafanyakazi wa kaunti. Jalada langu la ajira lilibaki Nairobi, mshahara ukawa unatoka hapa. Nilipotaka kupandishwa cheo, upande mmoja ukaniambia jalada haliko kwao, upande wa pili ukaniambia mimi si mtu wao tena. Nilikaa daraja moja miaka saba. Kisha mgomo wa madaktari, siku mia moja, kutoka Desemba 2016 mpaka Machi 2017. Kisha wetu wauguzi mwaka huo huo, miezi mitano. Kila mkutano wa mapatano nusu ya kikao ilikuwa ni kujua nani wa kutia sahihi. Wizara inasema mwajiri ni kaunti. Magavana wanasema mkataba uliafikiwa na Wizara na pesa hazijatumwa. Sisi tuko katikati, na mgonjwa yuko nje ya geti.

Kisha wakaja wale vijana wa UHC, mpango wa afya kwa wote. Waliajiriwa 2020 na serikali ya kitaifa kwa mkataba, wakapelekwa kwenye vituo vya kaunti. Wodi moja, zamu moja, kazi moja, mshahara mbali mbali. Nilikuwa zamu ya usiku na mmoja wao, msichana hodari kweli. Saa tisa usiku alikuja mzazi anatoka damu. Glavu zilikuwa zimebaki jozi mbili kwenye kasha. Tukagawana. Yule msichana akafanya kazi mpaka alfajiri, mtoto akatoka salama, mama akasalimika. Asubuhi anavua aproni akaniuliza, "Dada, mimi ni wa nani?" Mkataba wake ulikuwa unakwisha na kila ofisi inamwonyesha kidole ofisi ya pili. Nilimkumbatia tu, sikuwa na jibu.

Kwa hiyo mimi nasema afya ibaki kaunti, narudia, ibaki. Kabla ya 2013 dawa za zahanati ya Jomvu zilikuwa zikiamuliwa na mtu asiyejua Jomvu iko upande gani. Sasa angalau naweza kumwona mkubwa wangu akipita korido. Lakini wakubali moja: anayeajiri ndiye alipe, na anayelipa ndiye aajiri.

Msafiri wa Feri

Dada, nimesoma habari yako nikasimama kidogo. Mungu akulipe wewe na huyo msichana. "Mimi ni wa nani?" ndilo swali la uzi huu, na yeye ameliuliza kwa maneno machache kuliko yangu yote.

Fundi, nitakujibu, ngoja nile kwanza.

Mzee wa Kuze

Vijana wangu, salamu. Mimi sina mengi ya vifungu, nina ya kukumbuka.

Mnaongea kana kwamba ugatuzi ulizaliwa 2010. Tulikuwa nao 1963. Nchi ilipopata uhuru ilikuwa na majimbo, kila jimbo na bunge lake, na rais wa bunge la jimbo letu la Pwani alikuwa Ronald Ngala. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, lakini nakumbuka baba na wenziwe barazani na kahawa, usiku hadi usiku, wanazozana juu ya majimbo. Hofu yao ilikuwa moja: sisi wa mwambao tumetoka kwenye mkataba wa Sultani wa Unguja, tumeingia Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963, je, tutasikika huko ndani?

Ilichukua mwaka mmoja tu. Pesa za kuendesha majimbo zilishikwa Nairobi, hazikushuka zikatosha. Chama cha KADU kikajivunja Novemba 1964, wakubwa wake wakahamia upande wa pili, na Desemba nchi ikawa jamhuri na majimbo yakawa hayana nguvu tena. Kisha sheria ya 1969 ikayanyang'anya mabaraza ya kaunti za mashambani shule za msingi, afya na barabara. Manispaa kubwa kama yetu zikaachiwa. Lakini hata hiyo manispaa ilikuwa chini ya waziri. Diwani mlimchagua nyinyi, karani wa mji akaletwa na wengine.

Majimbo hayakuuawa kwa bunduki wala kwa kura ya wananchi, wanangu. Yalikatiwa mrija. Ndiyo maana mimi nikisikia mgao wa kaunti umechelewa miezi mitatu, wenzangu wanasema ni uzembe, mimi moyo hunidunda. Na wale vijana wa miaka ile ya 2012 waliokuwa wakiandika ukutani "Pwani si Kenya", mimi sikukubaliana nao, hii ni nchi yetu. Lakini niliwaelewa. Mtu asiyesikika nyumbani huanza kusema nyumba si yake.

Mtu wa Voi

Naomba na mimi jirani niseme, maana nyinyi Mombasa mnalia sana na Nairobi, lakini kwetu Taita Taveta Nairobi yetu ni nyinyi.

Maji mnayokunywa sehemu yake yanatoka Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Bomba lilijengwa miaka ya 1950, wakati wa mkoloni, likapita katikati ya kaunti yetu likaja huko kwenu. Kuna vijiji bomba lile linapita kando yake na akina mama wanachota maji kwenye mabwawa wanayogawana na ndovu. Mapato ya mbuga yamekuwa yakienda serikali kuu. Maji yanakwenda Mombasa. Sisi tumebaki na ndovu wanaokanyaga mahindi.

Nasema hivi bila uadui. Maji ya mji wenu yanatoka kwetu, yanatoka Marere na Tiwi kule Kwale, yanatoka Baricho kule Kilifi. Chanzo kiko kwa jirani, bomba kubwa liko kwa shirika la serikali kuu, na mfereji wa nyumbani uko kwa kampuni ya kaunti yenu. Mkikatiwa maji mnamlaumu gavana wenu, na yeye hana chanzo hata kimoja kikubwa ndani ya mipaka yake. Tunayo Jumuiya ya Kaunti za Pwani, sisi sita. Mambo kama haya yangezungumzwa pale, kaunti kwa kaunti, kabla ya kupanda basi kwenda Nairobi.

Mwanafunzi wa Sheria

Hamjambo wakubwa zangu. Nimefuata uzi tangu jana, naomba kuongeza jambo ambalo naona limeachwa, na linamjibu Fundi.

Kifungu cha 187 kinaruhusu kazi kuhamishwa kutoka serikali moja hadi nyingine kwa makubaliano, kama serikali ile ya pili itaifanya vizuri zaidi. Kwa hivyo NMS ya Nairobi ilisimama juu ya kifungu hicho. Lakini kina masharti mawili. La kwanza, pesa na nyenzo za kuifanya kazi lazima zihamishwe pamoja na kazi. La pili, wajibu wa kikatiba unabaki kwa serikali iliyopewa kazi hiyo na Jedwali la Nne, hata kama mwingine ndiye anayeifanya.

Tazameni maana yake kwa feri. Ikiwa feri kweli ni ya kaunti kwa Jedwali la Nne, basi hata ikiendeshwa na shirika la serikali kuu kwa makubaliano, gavana bado anaulizwa, na anapaswa kuwa na karatasi inayoonyesha makubaliano hayo. Hakuna wa kusema "hiyo si yangu". Yule kijana wa kwanza kivukoni alikuwa na hoja kuliko alivyojua.

Na Fundi, Kifungu cha 6 kinasema serikali hizi mbili ni tofauti na zinategemeana, na zifanye kazi kwa kushauriana na kushirikiana. Hakuna iliyo mtoto wa mwenziwe. Hili la feri ni zito zaidi ya jina la nani liandikwe kwenye jalada. Kukabidhi kwa makubaliano ni halali. Kukalia tu kitu kwa sababu ulikikuta mkononi si halali. Mwaka 2013 Bunge la Kitaifa lilitaka kupitisha mgao wa kaunti bila Seneti, jambo likafika Mahakama ya Juu, na majaji wakasema Seneti ina nafasi yake katika sheria ya ugavi wa mapato. Kwa hiyo kubishana Katiba kuna faida, Fundi. Kumeshaleta pesa mezani.

Fundi Changamwe

Hilo la 187 sikulijua. Nakubali: kama kaunti inataka Nairobi iendelee na feri, itie sahihi, itutangazie, na pesa zijulikane. Hapo sina ubishi. Lakini kauli yangu juu ya Mwakirunge bado iko pale pale na sijaona mtu aliyeijibu.

Msafiri wa Feri

Nimerudi. Fundi, hujajibiwa kwa sababu huna makosa. Mwakirunge haina Nairobi ya kulaumiwa, na mtu yeyote anayetaka kaunti ipewe zaidi lazima aanze kwa kuuliza iliyo nayo inafanywaje. Mimi pia.

Mzee wangu wa Kuze, shikamoo. Hilo la mrija nitalibeba. Jirani wa Voi, umenitia aibu ya haki, nilikuwa sijawahi kufungua mfereji nikaiwaza Mzima. Kama sisi tunataka Nairobi itugawie kwa sababu bandari iko kwetu, basi hatuna mdomo wa kukataa nyinyi mnaposema chemchemi iko kwenu. Kanuni ni moja au hakuna kanuni.

Nimeongezea moja nililokumbuka nikiwa kazini. Usalama. Vijana wenye mapanga wakivamia mtaa Kisauni, watu wanakimbilia kwa mwakilishi wadi. Polisi wako chini ya serikali kuu, kamishna wa kaunti, naye mtu wa serikali kuu, yuko pale jumba la Uhuru na Kazi, chifu ni mtu wake. Gavana ana askari wa kukagua leseni. Lakini taa za barabarani, zile zinazowafanya watu wasiogope kupita uchochoroni saa mbili usiku, ni za kaunti. Kwa hiyo hata hapo mkono mmoja haufanyi kazi bila wa pili.

Mama Duka, Mshomoroni

Mwanangu Msafiri, mimi sijui vifungu, nina mtaro.

Mbele ya duka langu pana mtaro wa maji ya mvua, umeziba tangu Ramadhani iliyopita. Mvua ikinyesha kidogo tu maji yanapanda ngazi ya kwanza, ya pili, yanaingia. Magunia ya unga nimeyainua juu ya matofali, kila usiku nalala nikisikiliza mabati. Mwezi wa tano nilipoteza magunia manne ya sukari, yaliyeyuka, asubuhi nikakuta nyuki tu. Nikaenda ofisi moja, nikaambiwa barabara hii si yao, niende kwa wenye barabara. Nikaenda kwa wenye barabara, nikaambiwa barabara ni yao lakini mtaro wa maji ya mitaani si wao. Nikauliza maji yenyewe ni ya nani. Kijana wa mezani akacheka, si kwa ubaya, akanipa kiti nikae kwanza.

Huu mtaro uko fungu gani la hiyo Katiba yenu?

Mwanafunzi wa Sheria

Mama, shikamoo. Mifereji ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa imetajwa kwenye fungu la kaunti, pamoja na maji na usafi. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali kuu, na mara nyingi mtaro uliochimbwa pamoja na barabara kuu unahesabiwa sehemu ya barabara. Ndipo wanapokutupia huku na huku.

Usiende tena kwa mdomo. Andika barua moja, juu yake andika majina ya ofisi zote mbili, useme umekwenda lini na umeambiwa nini kila mahali. Toa nakala tatu. Peleka ofisi ya kwanza wagonge muhuri, kisha ile ile yenye muhuri ipeleke ya pili nao wagonge. Ya tatu ikae nawe. Barua yenye mihuri miwili hakuna anayeweza kusema hakuiona, na kila mmoja ataona mwenzake ameshaipokea. Mwakilishi wadi wako mpe picha yake.

Msafiri wa Feri

Mama, mimi nashuka Buxton saa kumi na moja jioni kila siku. Kama barua inakusumbua kuandika, nitapita Mshomoroni Alhamisi niiandike mimi, kazi yetu sisi makarani ni hiyo. Fundi, wewe una simu yenye kamera nzuri, njoo upige picha ya mtaro.

Fundi Changamwe

Nitakuja. Na koleo nitabeba.

Mama Duka, Mshomoroni

Wanangu, leo ni Ijumaa, nimetoka mjini sasa hivi. Mihuri miwili ninayo. Ofisi ya pili yule kijana alipoona muhuri wa ofisi ya kwanza aliita mkubwa wake, mkubwa akatoka nje mwenyewe, akaisoma amesimama. Amesema Jumatatu wataleta watu wa pande zote mbili waje waangalie pamoja. Nimemwambia nitakuwa nimepika mbaazi na mahamri, wasije wakiwa wameshiba.

Fundi alichimbua mita kama tatu jana na maji yamepungua ngazi moja. Jumatatu jioni nitawaambia waliokuja ni nani na nani.